Mwuza Viatu wa Illinois

Mnamo tarehe 3 Juni 1984, wakazi wa Ballyporeen, kijiji kidogo cha wilaya ya Tipperary huko kusini mwa Ireland, walijipanga kando ya barabara kumlaki mgeni ambaye kijiji cha kiasi kile hakikupata kumwota. Mgeni huyo alikuwa Ronald Reagan, Rais wa Marekani, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 73. Kanisani alionyeshwa daftari kuukuu la ubatizo, na katika ukurasa wa mwaka 1829 palikuwa na jina la mtoto Michael, mwana wa Thomas Regan na Margaret Murphy. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa baba wa babu yake Rais.

Ajabu ya habari hii haiko katika ukuu wa mgeni, maana Wairishi waliohamia Marekani walikuwa wengi, na wajukuu wao waliopata vyeo ni wengi vile vile. Ajabu ni kwamba mzee huyo, ambaye mwenyewe alikwisha kupata wajukuu, alikuwa ameishi karibu maisha yake yote pasipo kukijua kijiji cha wazee wake. Alijua kwamba ukoo wa baba yake ulitoka Ireland, basi. Wala hakuwa mtu wa kudharau asili yake. Kamba ya ukoo ilikuwa imekatikia mikononi mwa baba yake, mwuza viatu wa majimbo ya kati ya Marekani, ambaye hakuweza kuwasimulia wanawe mambo ambayo yeye mwenyewe hakupata mtu wa kumsimulia. Juu ya Rais yameandikwa mengi, ya sifa na ya lawama, na hayo yanatosha. Anayesimuliwa hapa ni yule mwuza viatu.

Jina lake kamili lilikuwa John Edward Reagan, lakini watu wote walimwita Jack. Babu yake, yule Michael wa daftarini, alikuwa kijana wakati njaa kuu ilipoingia Ireland mwaka 1845. Ugonjwa uliviozesha viazi mashambani, navyo viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi na jioni. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaikimbia nchi. Michael alikwenda London, akaishi katika mtaa wa Peckham, akapata kazi ya kutengeneza sabuni. Mwaka 1852 alimwoa Catherine Mulcahy, Mwirishi mwenzake, na katika miaka hiyo ya London jina la Regan likaanza kuandikwa Reagan. Kabla ya mwaka 1860 walikuwa wamekwisha kuivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watoto wao, wakafika jimbo la Illinois, wakashika jembe.

Mwana wao John Michael, aliyezaliwa London mwaka 1854, hakukaa shambani. Alihamia Fulton, mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi, akafanya kazi katika ghala la nafaka. Hapo alimwoa Jennie Cusick mwaka 1878, na hapo ndipo Jack alipozaliwa tarehe 13 Julai 1883.

Mwaka 1889 kifua kikuu kiliingia katika nyumba hiyo. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alikuwa amekwisha kukionyesha kijidudu cha ugonjwa huo tangu mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Mgonjwa aliuguzwa tu, akiwekwa penye hewa safi, huku waliomwuguza wakivuta hewa ile ile aliyoitoa. Baba na mama wote wawili walikufa kwa ugonjwa huo. Jack alikuwa na umri wa miaka kama sita. Mtoto wa umri huo hukumbuka sauti na labda harufu ya koti la baba. Hakumbuki jina la kijiji ambacho babu yake alikiacha kwa sababu ya njaa.

Aliyemlea ni shangazi yake Margaret, pamoja na mumewe Orson Baldwin, waliokuwa na duka katika mji wa Bennett, jimbo la Iowa. Hivyo yatima huyo alikulia penye mizani na vitambaa, akasikia kila siku jinsi mteja anavyosemeshwa. Shule aliiacha mapema, hakuvuka elimu ya msingi. Alipofikia ujana alirudi Fulton, akaajiriwa katika duka la nguo na viatu, na katika duka hilo hilo akakutana na binti aliyeitwa Nelle Wilson, mzaliwa wa Fulton, mwenye umri sawa na wake. Walifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1904 kwa taratibu za kanisa Katoliki, ijapokuwa Nelle alikuwa Mprotestanti naye akabaki hivyo.

Yafaa hapa kueleza kazi yenyewe, kwa maana mwuza viatu wa siku zile hakuwa mtu wa kusimama nyuma ya meza na kupokea fedha tu. Mteja aliketi, naye mwuzaji akapiga goti mbele yake, akamvua kiatu kichakavu, akaupima mguu kwa kipimo cha mbao, kisha akaziendea rafu na kurudi na maboksi matatu au manne. Alipaswa kujua kwamba mguu wa kulia na wa kushoto mara nyingi havilingani, na kwamba mkulima aliyesimama shambani tangu alfajiri huvimba miguu jioni. Jack aliichukua kazi hii kama fani. Alijifunza habari za mifupa ya mguu kwa masomo ya posta, akakipata cheti chake, na nia yake ilikuwa siku moja awe na duka lake mwenyewe, tena duka kubwa la kujulikana.

Biashara ya miji midogo ilikuwa na adui. Tangu mwaka 1872 mfanyabiashara Montgomery Ward wa Chicago alikuwa ameanza kuuza bidhaa kwa posta, na baada yake wakaja Sears na Roebuck. Mkulima alipelekewa kitabu chenye bei na picha, akaandika barua, na viatu vikamfikia kwa gari moshi kwa bei ambayo mwenye duka la kijijini hakuiweza. Silaha aliyobaki nayo mwenye duka ilikuwa goti lake na ulimi wake. Jack alikuwa na ulimi. Wote waliomjua walishuhudia kwamba katika kusimulia hadithi hakuwa na wa kumshinda, naye alikuwa mrefu, mwenye sura nzuri na mavazi nadhifu. Mteja aliyeingia kununua kamba za viatu alitoka na jozi mpya, tena akicheka.

Mwaka 1906 mume na mke walihamia Tampico, mji wenye barabara moja ya maduka uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Hapo Jack aliuza katika duka la Bwana Pitney, na hapo watoto wao wawili walizaliwa, Neil mwaka 1908 na Ronald tarehe 6 Februari 1911. Mdogo alikuwa mnene, na baba yake akampachika jina la utani la Dutch, yaani Mholanzi, jina lililomfuata mpaka utu uzima. Watoto hao nao waliwaita wazazi wao kwa majina yao, Jack na Nelle, jambo ambalo katika nyumba nyingi za Afrika lingempatia mtoto kofi kabla hajamaliza kulitamka.

Kisha safari zikaanza. Kutoka Tampico walikwenda Chicago, kutoka Chicago wakaenda Galesburg, kisha Monmouth, kisha wakarudi Tampico, na mwezi wa Desemba 1920 wakahamia Dixon, kando ya mto Rock. Kila mahali palikuwa na duka jipya na ahadi mpya. Ronald alipokuwa mdogo ilitokea akapita katika shule nne kwa miaka minne. Chicago walipanga chumba chenye taa ya gesi iliyowaka kwa kutumbukiza sarafu. Huko Neil alitumwa kila mwisho wa juma kwa mwuza nyama kununua mfupa wa mchuzi, na akaagizwa aombe pia kipande cha maini kwa ajili ya paka wa nyumbani, kwa kuwa maini hayakuthaminiwa sana na mwuza nyama aliyatoa bure. Nyumbani hapakuwa na paka. Maini yalikuwa kitoweo cha Jumapili, na mfupa ukachemshwa juma zima, maji yakiongezwa pamoja na viazi na karoti. Mama yeyote aliyepata kufika tarehe ya ishirini na tano akiwa na mfuko mtupu anaijua hesabu ya Nelle.

Jamaa za askari na polisi hawahitaji kuelezwa maana ya kuhamahama. Sufuria hufungwa katika shuka, mtoto huagana na rafiki aliyempata mwaka jana tu, na katika shule mpya huulizwa jina lake upya. Ila askari huhamishwa kwa amri, na pamoja na amri huja mshahara. Jack alihamishwa na matumaini yake mwenyewe, na wakati mwingine, ni lazima isemwe, alihamishwa na chupa.

Maana Jack alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi wa kila siku. Angeweza kukaa miezi, hata mwaka na zaidi, pasipo kugusa kileo, akaamka mapema, akavaa vizuri na kuuza vizuri. Halafu siku moja hakurudi nyumbani. Mwanawe alieleza baadaye jambo moja lililo kinyume cha fikira za wengi, kwamba baba yake hakulewa zaidi wakati wa shida. Alilewa zaidi mambo yalipomwendea vema, au sikukuu zilipokaribia. Kwa hiyo nyumba hiyo ilijifunza kuiogopa Krismasi. Siku zilipozidi kuwa mbaya, Nelle aliwafungasha wanawe akawapeleka kwa mmoja wa dada zake, nao wakadhani ni matembezi ya ghafula. Walipokua ndipo walipotambua walikuwa wakikimbia nini.

Dixon ndipo Jack alipoonekana kufika. Mwaka 1921 duka la Fashion Boot Shop lilifunguliwa, Bwana Pitney akitoa mtaji na Jack akitoa kazi, kwa mapatano kwamba sehemu yake ya ubia ingelipwa kidogo kidogo kutokana na mauzo. Kwa bahati mbaya ulikuwa mwaka wa taabu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 bei za mazao zilikuwa zimeanguka vibaya, na mkulima asiyeuza mahindi kwa faida hutengeneza viatu vyake vya zamani. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya kupanga, na baada yake wakapanga nyingine, na nyingine tena. Jack hakumiliki nyumba Dixon, kama vile hakumiliki nyumba mahali pengine popote.

Majira ya baridi ya mwaka wa 1922, Ronald, aliyekuwa ametimiza miaka 11, alirudi nyumbani jioni akitazamia kuikuta nyumba tupu, kwa kuwa mama yake alikuwa amekwenda kushona. Barazani alikaribia kumkanyaga mtu. Baba yake alikuwa amelala chali katika theluji, mikono ameitandaza, nywele zimelowa, na hewa yote ikinuka wiski. Tena wakati ule pombe ilikuwa imepigwa marufuku kwa katiba ya nchi, tangu Januari 1920, na marufuku hiyo ikadumu mpaka mwaka 1933. Lakini sheria haikumzuia aliyejua mlango wa kubisha.

Habari hii Ronald aliiandika mwenyewe katika kitabu chake cha kwanza cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1965, wala hakujipamba. Alikiri kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumpita baba yake, aingie ndani, alale, na ajifanye hakumwona. Alisimama pale kwa muda. Kisha akaishika kola ya koti, akaivuta, akamkokota mtu mzima hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kitandani. Siku chache baadaye Jack alikuwa yule yule wa siku zote, akicheka na kusimulia hadithi.

Nelle aliwaweka wanawe wote wawili chini akawaeleza. Aliwaambia kwamba baba yao ana ugonjwa, kwamba ulevi wake ni maradhi yaliyomshinda nguvu, na kwamba wasimchukie kwa jambo ambalo hawezi kulitawala, bali wakumbuke jinsi alivyo mwema anapokuwa mzima. Ikumbukwe kwamba haya aliyasema mke wa mwuza viatu katika mji mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Chama cha Alcoholics Anonymous, ambamo walevi husaidiana kuacha pombe, kilianzishwa mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Chama cha Madaktari wa Marekani kilitangaza kwamba ulevi ni ugonjwa mwaka 1956. Nelle hakuwa na daktari wa kumwambia.

Katika nyumba nyingi zenye balaa hilo, mojawapo ya mambo mawili hutendeka. Ama mama huficha, akisema baba amechoka au ana homa, na watoto, ambao pua zao zinafanya kazi, hujifunza kwamba mama ni mwongo. Ama hupiga kelele mbele yao mpaka wamdharau mzazi, na dharau hiyo ikishaingia hairudi ilikotoka. Nelle aliutaja ulevi kwa jina lake mbele ya watoto, kisha akakataa wamvunjie baba yao heshima. Wala asidhaniwe kuwa mwanamke laini wa kuvumilia kila kitu kimya. Aligombana na mumewe, sauti zao zikasikika usiku. Alimwomba Mungu kwa sauti kubwa mbele ya watu amponye. Fedha alizificha. Lakini asubuhi mtoto hakufundishwa kumtemea mate aliyemzaa.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba maneno ya mama yalifuta kila kitu. Ronald aliyekua akapendwa na mamilioni alikuwa mtu ambaye watu wa nyumbani mwake waliona shida kumkaribia. Mkewe Nancy aliandika mwaka 1989 kwamba kulikuwa na ukuta ndani yake ambao hata yeye aliufikia mara nyingine, na asili ya ukuta huo aliiona katika utoto ule wa kuhamahama na wa baba mlevi. Watoto wake mwenyewe walisema maneno ya namna hiyo. Mtoto aliyewahi kusimama barazani akiamua kama amwingize baba yake ndani au amwache, huhifadhi sehemu ya nafsi yake mahali pasipofikika.

Lakini Jack alikuwa na upande mwingine, nao ndio uliowafanya wanawe waendelee kumpenda bila kulazimishwa. Kundi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu nyingi katika majimbo ya kati miaka hiyo ya 1920, likiwatisha watu Weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Sinema iliyolisifu kundi hilo, ile ya mwaka 1915 iitwayo The Birth of a Nation, ilipoonyeshwa mjini, watoto wote wa jirani walikwenda, ila wa Jack walikatazwa. Aliwaambia kwamba sinema inayowatukuza watu wanaowaonea wengine haitatazamwa na mtu wa nyumba yake. Neno likaishia hapo.

Mara nyingine, alipokuwa safarini kwa kazi ya uuzaji katikati ya baridi kali, aliingia hoteli moja ya mji mdogo kutaka chumba. Karani akamhakikishia kwamba atapapenda, kwa kuwa hapo Wayahudi hawapokelewi. Jack aliuchukua mfuko wake, akasema kwamba ikiwa leo wanakataliwa Wayahudi, kesho atakataliwa yeye Mkatoliki, akatoka nje na kulala ndani ya motokaa katika theluji. Habari hii nayo imesimuliwa na mwanawe, aliyeongeza kwamba baba yake alipata ugonjwa wa mapafu uliokaribia kumwua, na baada yake moyo ukaanza kumsumbua. Mtu aliyeshindwa na chupa hakushindwa na karani wa hoteli.

Mafunzo hayo yalionekana siku timu ya mpira ya chuo cha Eureka, alikosoma Ronald, ilipofika hoteli moja si mbali na kwao, na mwenye hoteli akakataa kuwapokea wachezaji wawili Weusi. Ronald aliwachukua wenzake hao mpaka Dixon. Nelle alifungua mlango, akawasikia shida yao, akawakaribisha walale, bila kuuliza swali la pili.

Mshuko mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulilifunga duka. Ndoto ya ubia ilikwisha pamoja na akiba yote. Jack alipata kazi ya kuuza viatu mbali na nyumbani, mkewe akabaki Dixon akifanya kazi katika duka la nguo za wanawake kwa dola 14 kwa juma. Siku moja Nelle alimwandikia Ronald chuoni kwa siri, akimwomba amkopeshe dola 50 za kulipa deni la chakula dukani. Fedha hizo Ronald alikuwa amezichuma kwa kulinda waogeleaji mtoni wakati wa likizo. Alizipeleka, na Jack hakuambiwa.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1931 wote walikuwa nyumbani. Barua ya haraka ililetwa kwa Jack, naye akaichangamkia, akitumaini kwamba waajiri wamemkumbuka kwa zawadi ya mwisho wa mwaka. Alisoma, akainamisha kichwa, akasema kwa uchungu kwamba kweli hiyo ni zawadi ya Krismasi. Ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 48, na viatu ndiyo kazi pekee aliyoijua.

Aliyemwokoa ni siasa. Jack alikuwa Mdemokrasi katika mji wa Warepublikan, na katika uchaguzi wa mwaka 1932 alimfanyia kampeni Franklin Roosevelt kwa moyo wote. Mwaka 1933 alipewa kazi katika ofisi ya misaada ya serikali hapo Dixon, kugawa chakula kwa wasio na kazi. Waliopanga foleni mbele ya meza yake walikuwa wale wale aliowahi kuwavisha viatu, na baadhi yao walikuwa matajiri wa jana. Mwanawe alikumbuka kwamba Jack hakuridhika na kugawa tu. Alizunguka wilaya nzima akitafuta vibarua, hata vya siku moja, ili watu hao wapokee ujira badala ya msaada. Kwa mara ya kwanza ulimi wake uliuza kitu kingine, yaani nguvu za watu, na inaonekana aliiuza vizuri. Baadaye alitumika katika mpango wa serikali wa kazi za umma, ulioanza mwaka 1935. Walakini moyo wake uliendelea kudhoofika, na mwishowe hakuweza kufanya kazi tena.

Mwaka 1937 Ronald alipata mkataba wa kuigiza katika sinema za Warner huko California. Mara fedha zilipoanza kuingia aliwaita wazazi wake, akawanunulia nyumba. Ilikuwa nyumba ya kwanza kumilikiwa na Jack na Nelle, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya ndoa na kupanga. Ila kijana alitambua kwamba mtu aliyepiga goti mbele ya wateja tangu ujana hataweza kuketi tu akilishwa. Alimpa baba yake kazi ya kushughulikia barua zilizotoka kwa wapenzi wa sinema, na kwa kazi hiyo Jack akalipwa mshahara, naye akaifanya kwa uangalifu kama aliyekuwa akipanga maboksi ya viatu rafuni.

Mwezi wa Oktoba 1940 sinema ya maisha ya mwalimu wa mpira Knute Rockne ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, karibu na chuo kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki ambacho Jack alikipenda kuliko vyote. Nelle alimnong'oneza mwanawe kwamba baba yake anatamani sana kwenda. Ronald aliingiwa na baridi. Safari ya siku kadhaa, karamu kila usiku, wenye habari kila kona, na baba yake katikati yao akiwa na furaha, hali ile ile ambayo siku zote ilimwangusha. Alifikiri, kisha akamchukua.

Jack alifanya urafiki na Pat O'Brien, mwigizaji mkuu wa sinema hiyo, Mwirishi kama yeye, na wawili hao wakawa hawaachani. Hadithi zake ziliwachekesha watu waliolipwa kwa kuchekesha wengine. Aibu aliyoiogopa Ronald haikutokea. Jack alirudi California akiwa na mambo ya kumsimulia mkewe kwa miezi iliyobaki, nayo haikuwa mingi. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Mei 1941, miezi miwili kasoro kabla ya kutimiza miaka 58. Nelle aliishi mpaka mwaka 1962.

Katika daftari la Ballyporeen jina la Jack halimo, kwa kuwa yeye alizaliwa Fulton. Kijiji hicho, kwa furaha ya kupata jamaa mkubwa, kilikuwa na baa iliyoitwa kwa jina la Ronald Reagan, na siku ile ya Juni 1984 Rais aliingia humo pamoja na mkewe. Baa hiyo ilifungwa mwaka 2004. Kaunta yake, rafu zake na kibao chenye jina la mwana wa Jack vilifungwa katika masanduku, vikavushwa bahari ile ile aliyoivuka Michael, na kujengwa upya ndani ya maktaba ya Rais huyo huko Simi Valley, California.